Kabla hujasambaza, andika saa na mahali

Grupu letu la ukoo lina watu wa Dar, Kilwa, Mafia, Tanga, na wengine wako Muscat. Siku za kawaida ni salamu za Ijumaa, picha za watoto na michango ya harusi. Kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, ndilo lililokuwa redio yetu. Yafuatayo nawaambia wenye magrupu kama hili, maana masika mengine yanakuja.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilianza kutoa taarifa kimbunga kikiwa bado mbali baharini. Kila taarifa ilikuwa na tarehe na saa ya kutolewa. Sasa mtu anapiga skrinishoti, anachukua ramani tu, ile sehemu yenye saa anaikata. Kwetu, ramani ya Alhamisi ilikuwa bado inazunguka Jumamosi usiku, Mei 4, wakati kimbunga kimekwisha kuingia nchi kavu pale Mafia na kinapoteza nguvu. Binamu yangu wa Tanga alikuwa anapandisha magodoro darini kwa taarifa iliyopitwa na wakati.

Video nazo zina vituko vyake. Ililetwa moja ya nyumba zilizozama karibu na paa, chini imeandikwa "Hidaya, sasa hivi". Mjomba wetu wa Utete akajibu kwa maneno machache: "Hii ni huku kwetu Rufiji. Ni mafuriko ya Aprili." Video ilikuwa ya kweli na mateso yalikuwa ya kweli, ila siku siyo yake. Ndiyo maana sikubaliani sana na wanaosema shida ya mitandao wakati wa maafa ni waongo. Wengi wanaosambaza wana nia njema kabisa.

Ujumbe wa sauti ndio unaonitesa zaidi. Mtu analia, "Jamani, hapa kwetu maji yamefika madirishani." Hapa kwetu wapi? Ukishasambazwa mara mbili, sauti ile haina mwenyewe, haina kijiji, haina siku. Ukiletewa, mrudie aliyekutumia umuulize umetoka kwa nani. Akisema "nimetumiwa tu", ishie kwako.

Linganisha na huu, wa kaka yetu anayeendesha lori, baada ya barabara ya Dar kwenda Lindi kukatika kule Kilwa: "Jumatatu Mei 6, saa 2 asubuhi. Niko Somanga, upande wa Dar. Barabara imekatika, gari halipiti. Nimeona mwenyewe. Nitaandika tena mchana." Hauna picha wala alama za kulia. Lakini hata ukifika kwa mtu asiyemjua kaka, Mtwara au Muscat, atajua ni wa lini, unahusu wapi, na kama aliyeandika alikuwepo au kasikia. Ile sentensi ya mwisho nayo ina kazi: inawazuia watu wasimpigie kila dakika.

Na kupigiana simu huko kuna madhara yake. Jengo lilipoporomoka Kariakoo, Novemba 16, 2024, baadhi ya waliofukiwa waliweza kuwasiliana na walio nje kwa simu. Chaji ya simu ya mtu aliye chini ya kifusi ni mali ya waokoaji. Ndugu yako akiwa kwenye hali hiyo, chagueni mmoja wenu awasiliane naye, na mmoja huyo awape waokoaji namba na maelezo ya alipo. Wengine tulieni, hata kama roho inawatoka. Vilevile, kuandika chini ya picha ya Instagram "jamani msaada unahitajika" si kuita msaada. Zimamoto na Uokoaji wanapigiwa 114, ndipo hayo mengine yafuate.

Kitu kidogo ambacho wengi hawakitilii maanani: dua. Naomba nisieleweke vibaya, dua tunazihitaji. Lakini "Amina" za ukoo mzima zikishuka mfululizo, ujumbe wa Somanga unapanda juu na haonekani wa kuutafuta. Sisi tulifungua grupu la pili la habari tu, wanaoandika ni wale walio eneo la tukio na admini. Dua, pole na vilio vikabaki kule kwa zamani.

Halafu kuna mtandao wenyewe kukatika. Jumapili ya Mei 12, Hidaya imekwisha pita, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikawa ya kubahatisha Tanzania na nchi jirani. WhatsApp tiki moja, kimya. Tiki moja maana yake ujumbe haujafika kwenye simu. Inaweza kuwa chaji, bando au mnara, kwa hiyo msianze kuulizana msiba. Tuma SMS ya kawaida. Ni fupi, haihitaji bando, na hupenya mahali ambapo video haiendi.

Mama mdogo wa Kilwa Masoko ana kitochi. Habari zote hizi za grupu hazimfikii, na yeye ndiye aliye karibu na bahari kuliko sisi sote. Nilipompigia akaniambia, "Mwanangu, mimi nasikia upepo tu, hayo mengine mnayajua nyie." Sasa kila mzee asiye na simu ya kupangusa amepewa mtu wake wa kumpigia, asubuhi na jioni, kipindi chote cha tahadhari. Namba za wazee na za watu wao nimeziandika kwenye karatasi, nakala moja iko kwangu na nyingine kwa jirani wa mama mdogo, mwenye duka.