Mafuta, shahamu, lehemu, lipidi: lipi litumike wapi?

Swali: "Ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Ngamiani, Tanga. Tunaandaa kipeperushi cha Kiswahili kuhusu mafuta mwilini. Wenzangu wengine wanaandika lipidi, wengine shahamu, na majibu ya kipimo cha damu wanayaita 'mafuta kwenye damu'. Je, yote ni kitu kimoja? Na mafuta ya nazi yakiganda, tuyaite shahamu?"

Jibu: Si kitu kimoja, na kipeperushi kikiyachanganya mgonjwa ataelewa vibaya majibu yake.

Lipidi ni jina la ukoo mzima. Wanaukoo hawafanani kwa umbo. Kinachowaweka pamoja ni kwamba hawayeyuki katika maji. Humo mna mafuta ya kula, shahamu, nta ya nyuki, fosfolipidi zinazojenga utando wa kila seli, na lehemu (kolesteroli). Kwa hiyo mafuta yote ya kula ni lipidi, lakini si kila lipidi ni mafuta. Mafuta ya taa hayamo, ingawa jina ni lilelile.

Mafuta, kwa maana ya chakula na akiba ya mwili, karibu yote ni trigliseridi: gliseroli moja iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Gramu moja hutoa kilokalori 9, wakati wanga na protini hutoa 4. Kijiko kimoja cha chakula, yaani kama gramu 14, kina takribani kilokalori 120, na hapo bado hujaweka kitu kingine sufuriani. Mafuta yaliyo chini ya ngozi huhifadhi joto, na yanayozunguka figo huzikinga zisitikisike. Vitamini A, D, E na K pia huhitaji mafuta ili zifyonzwe vizuri utumboni. Ndiyo maana mchicha wa nazi hukupa kwa wingi zaidi ile rangi ya mboga inayogeuka vitamini A mwilini, kuliko mchicha uliochemshwa kwa maji matupu. Hilo liandikeni, maana ni kazi ya mafuta ambayo watu husahau wakishaambiwa tu kwamba mafuta ni mabaya.

Shahamu ni mafuta ya mnyama yaliyo magumu. Mwombe muuza nyama akuoneshe figo ya mbuzi kabla hajaisafisha: ule weupe mzito ulioifunika, unaovunjika ukiuminya, ndio shahamu. Kwa binadamu nashauri muandike "mafuta ya tumboni". Mbuzi hunona, mtu hunenepa. Mama akisoma kwamba ana shahamu atajiona anapimwa kwa ajili ya kuchinjwa.

Mafuta ya nazi yakiganda yanabaki kuwa mafuta ya nazi, yaliyoganda. Zaidi ya asilimia 80 ya asidi zake za mafuta zimeshiba hidrojeni. Minyororo ya kaboni ya asidi hizo imenyooka, hivyo hujipanga karibukaribu na kushikana mapema joto likishuka. Huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na ndiyo sababu alfajiri ya Julai, kusi likivuma, chupa hugeuka nyeupe na saa sita mchana imeyeyuka. Mafuta ya alizeti hayafanyi hivyo kwa kuwa minyororo yake mingi imepinda.

Lehemu ndipo penye makosa mengi. Baadhi huiita kolesteroli, na hilo pia ni sahihi. Chagueni moja mwende nayo hadi mwisho. (Fundi naye ana lehemu yake ya kuungia bati, lakini muktadha hutofautisha.) Lehemu haina gliseroli, bali pete nne za kaboni, na mwili hauichomi kupata nguvu. Ini huitengeneza lenyewe. Hutumika katika utando wa seli, hugeuzwa chumvi za nyongo zinazosaidia kumeng'enya mafuta, na kutokana nayo hutengenezwa homoni kama testosteroni, estrojeni na kotisoli.

Basi "mafuta kwenye damu" yanaficha vipimo viwili. Trigliseridi hupanda baada ya kula, na ndiyo maana mgonjwa mara nyingine huambiwa afunge kwanza. Lehemu haibadiliki sana kwa mlo mmoja. Andikeni kila kimoja kwa jina lake. Na "lehemu nzuri" na "lehemu mbaya" ni lehemu ileile. Kwa kuwa haiyeyuki katika maji ya damu, husafiri ndani ya vibebeo vyenye protini. Vya LDL, ndiyo hiyo "lehemu mbaya", huipeleka kwenye tishu, na vikizidi huiacha kwenye kuta za mishipa. Vya HDL, ndiyo "lehemu nzuri", huirudisha kwenye ini.

Msiandike pia kwamba mafuta "yasiyo na lehemu" hayapandishi lehemu. Mafuta ya mimea kwa kawaida hayana lehemu ya kuhesabika, lakini yale yaliyoshiba hidrojeni, ya nazi yakiwemo, huongeza LDL katika damu.

Kuhusu ngeli: lipidi hii, lipidi hizi, mafuta haya, daima kwa wingi, shahamu hii, lehemu hii, isiyo na wingi. Sahihi ni "lehemu yako imepanda", si "lehemu zako zimepanda".