Kukopi maandishi yanayokataa kukopika kwenye simu

Mkuu uliyeandika kutoka Urambo, umeuliza kwa nini simu yako inakopi ujumbe mzima wa WhatsApp wakati unataka namba moja tu, na kwa nini tangazo la AMCOS (chama chenu cha ushirika cha wakulima) likija kama picha halikopiki kabisa. Hayo ni mambo mawili tofauti na kila moja lina dawa yake. Nazungumzia simu za Android.

WhatsApp, ukibonyeza na kushikilia ujumbe, inaukamata wote. Basi ukopi hivyohivyo, fungua chati ya kujitumia wewe mwenyewe, ubandike kwenye nafasi ya kuandikia lakini usitume. Hapo gusa neno mara mbili, vile vishikio viwili vya kuchagulia maandishi vitatokea. Ukikivuta kishikio mbele kinaruka neno zima. Kirudishe nyuma kidogo, kitaanza kwenda herufi mojamoja. Kama unaandaa orodha ya wakulima, usichague jumbe kumi kwa mpigo, maana kila mmoja utakuja na tarehe, saa na jina la aliyetuma, na kuyafuta hayo ni kazi ya jioni nzima.

Kopi mmojammoja, kazi ya kuzitunza iachie Gboard, kibodi ya Google. Kwenye hiyo kibodi gusa alama ya ubao wa kunakili juu ya herufi (isipoonekana, gusa alama ya menyu pembeni), uwashe. Kuanzia hapo kila unachokopi kinajipanga pale badala ya kufuta cha kwanza. Ila kinakaa saa 1 tu. Unachokihitaji kesho, kishikilie mpaka menyu itokee, halafu ukipini ili kisifutike. Namba ya siri usiipini. Yeyote atakayeazima simu yako ataiona.

Sasa picha, ambako ndiko watu wengi wanakwama. Ifungue kwenye Google Photos, gusa Lens (zana ya Google ya kusoma maandishi kwenye picha), subiri isome, kisha chagua maandishi kama kawaida. Inakula bando, kwa hiyo mtandao ukisuasua kata picha kwanza ibaki sehemu unayoitaka tu. Picha iliyotumwa kawaida kwenye WhatsApp huwa imebanwa na imeshapoteza ukali wa herufi. Mwambie katibu akutumie kama dokumenti, WhatsApp haitaibana.

Shida kubwa ni jedwali. Orodha yenye safu ya majina na safu ya kilo za tumbaku, Lens inaweza kukuletea majina yote kwanza halafu kilo zote, au ikavichanganya, ukampa mtu mzigo wa mwenzake. Kata safu moja, isome, ubandike. Rudi kwenye picha ileile, kata ya pili. Halafu kagua tarakimu: 0 inageuka O, 1 inageuka herufi l, 5 inageuka S. Binafsi siiamini kwenye fedha hata kidogo. Kontrol namba ya malipo ya serikali ina tarakimu 12, zihesabu kabla ya kulipa.

Ukilipia kwa menyu ya kupiga nyota, kopi namba kabla hujapiga, kwa sababu ile menyu haisubiri: ukitoka kwenda kuitafuta SMS, unarudi imeshajifunga. Kwenye kisanduku shikilia kidole mpaka chaguo la kubandika litokee. Ikijibu kwamba namba si sahihi wakati wewe unaiona iko sawa, angalia mwisho wake. Mara nyingi umebeba nafasi tupu au nukta iliyofunga sentensi kwenye SMS. Ifute, utume tena.

Programu nyingi za benki zinazuia hata skrinishoti, ama inakataa ama picha inatoka nyeusi, na Lens haina la kufanya hapo. Tafuta kwanza kitufe cha kukopi au cha kushea risiti ndani ya programu yenyewe. Kikikosekana, chukua kalamu.