Sensa ya joto la moshi ikae kabla ya tabo, na hapo sibadili kauli

Juzi msomaji mmoja wa Mbeya kanitumia ujumbe: "Mkuu, nimenunua geji ya joto la moshi kwa ajili ya Prado yangu ya injini ya 1KZ. Fundi anasema sensa tuichomeke kwenye bomba baada ya tabo, maana kutoboa manifodi ni kuua injini. Wewe unasemaje?" Nilicheka, halafu nikanuna, kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa mimi, na yalinigharimu silinda hedi.

Jibu ni hili: kwenye manifodi ya ekzosi, pale moshi wa silinda zote nne unapokutana, kabla haujaingia kwenye tabo, ile pampu inayozungushwa na moshi ili isukume hewa ndani ya injini. Mwenye haraka aishie hapo.

Mwenye nafasi anisikilize. Gari yangu ni Prado yenye 1KZ-TE, dizeli ya lita 3.0, bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Wenye nazo mnajua tabia yake: inavuta vizuri, haina makuu, lakini hedi ikizidiwa na joto inapasuka kati ya valvu. Nilikuwa nimeongeza boosti, yaani mgandamizo wa hewa ya tabo, na dizeli kidogo, kama wengi wenu mlivyofanya au mnavyopanga kufanya mwisho wa mwezi. Nikamkabidhi fundi geji na sensa, nikamwonyesha kwa kidole pa kutoboa. Akanicheka mbele ya vijana wake. "Bosi, wewe umesomea kwenye simu, mimi nimekulia kwenye spana." Nikaenda kutafuta hozi, kurudi nikakuta ameshachomelea nati kwenye bomba, chini kabisa ya tabo. Akasema nikitaka joto la kweli niwe najumlisha nyuzi 150 kichwani.

Hiyo "jumlisha 150" ndiyo sumu yenyewe. Tabo inakula joto. Nguvu ya kuzungusha lile gurudumu lake mara zaidi ya laki moja kwa dakika haitoki mbinguni, inatoka kwenye moshi, na moshi ukishatoa nguvu hiyo unatoka upande wa pili umepoa. Ukiwa unatembea taratibu kwenye tambarare tabo haina kazi kubwa, tofauti ya kabla na baada ni ndogo. Ukikanyaga na boosti ikapanda, tofauti inaweza kufika nyuzi 100, hata 200. Kwa hiyo hakuna namba moja ya kujumlisha. Unatishika bure ukiwa Chalinze, halafu mlimani, pale unapoihitaji geji, ndipo inapokuficha ukweli. Tena chuma cha tabo kinachukua muda kupata moto, hivyo geji ya nyuma inachelewa: mguu umekwisha kuharibu, namba ndiyo kwanza inapanda.

Mimi nilikamatwa Kitonga. Anayeipita hahitaji kuelezwa: unatoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto, unaingia kwenye kona, mbele yako lori linatambaa, huna upepo wa kupooza radieta. Kadiri unavyopanda hewa inazidi kuwa nyepesi, na dizeli ikibaki ile ile huku hewa ikipungua, moshi unazidi kuwa wa moto. Geji inasoma 520. Nikajumlisha ile 150 ya fundi, 670, nikaona niko salama, maana mwisho wangu ni 700. Mshale wa maji umetulia katikati, kama ilivyo kawaida ya Toyota nyingi, ambazo mshale wake haucheki wala haununi mpaka mambo yameharibika. Kesho yake asubuhi pale Iringa injini ni ya baridi lakini hozi ya juu ya radieta imekaza, huwezi kuiminya. Nikafungua kifuniko, nikawasha, mapovu yakaanza kupanda: hedi imepasuka, moshi unaingia kwenye maji.

Nilimpigia fundi. Akasema nimeendesha vibaya. Mpaka leo hajaniomba radhi, na mimi mtaa ule sipiti.

Habari za kutafuta hedi naziruka, zinachosha. Hedi mpya ilipofika nilimpelekea fundi mwingine, mzee mtulivu, naye hakubishana. Alishusha manifodi, akaifunga kwenye jiriwa, akapaka grisi kwenye ncha ya drili. Akitoboa kidogo anaitoa, anafuta ile grisi iliyojaa chembe nyeusi za chuma, anapaka nyingine. Shimo la milimita 8.5 hivi, kisha tepu ya kukata nyuzi za 1/8 NPT. Nyuzi hizi zinazidi kubana kadiri unavyoingia, kwa hiyo tepu haizamishwi yote. Alikuwa anajaribisha nati kila baada ya mzunguko. Wapo wanaotoboa manifodi ikiwa kwenye gari, injini inanguruma ili moshi upulize chembe nje. Mimi siwezi. Chembe moja ikibaki ndani, njia yake ni moja tu, kwenye tabo.

Ncha ya sensa ifike katikati ya mkondo wa moshi, isiguse ukuta. Ikiishia karibu na ukuta itakupa namba ya chini. Na ile hofu ya ncha kukatika na kuingia kwenye tabo ni ya kweli, siikatai, ila dawa yake ni kununua sensa yenye ganda imara, siyo kuikimbizia nyuma. Sensa ya milimita 3 inasoma haraka kuliko ya 6, ya 6 inavumilia zaidi. Chagua.

Waya nao unaua watu. Sensa hizi nyingi ni themokapo aina ya K, yaani nyaya mbili za metali tofauti zinazotoa umeme kidogo zikipata moto, na waya wake ukiwa mfupi huuongezi kwa waya wa kawaida wa shaba. Ukiunga shaba ndani ya boneti penye nyuzi 80, na geji iko kwenye dashibodi penye 30, moshi wa 700 utausoma kama 650 hivi. Unga kwa waya wa aina ya K mpaka kwenye geji. Na kama ni wa rangi za Kimarekani, wa njano ndio chanya na mwekundu ndio hasi. Fundi wa umeme atakubishia. Mwache abishe, wewe angalia: ukigeuza, moto ukipanda namba inashuka.

Mtaniuliza, aluminiamu inayeyuka kwenye 660, mbona napitisha 640 bila wasiwasi na wengine wanafika 700? Pistoni inapozwa na oili kwa chini na hewa mpya kila mzunguko, haifiki joto la moshi. Lakini kwenye dizeli hizi 700 kabla ya tabo ndiyo mwisho wangu. Ikikaribia naachia mguu na kushusha gia: injini inazunguka zaidi, hewa inaongezeka, mzigo unapungua, namba inarudi. Wenye Subaru za petroli msichukue namba zangu, petroli huenda juu zaidi, 850 mpaka 900 na kitu, na kwenu hatari kubwa ni mafuta kuwa machache.

Vijana mnanunua rimu, mnanunua redio ya milioni, halafu kutoboa shimo moja mahali sahihi mnaona gharama. Kabla ya tabo, jamani. Kabla.

Wewe wa Mbeya: kabla ya kushusha manifodi, pulizia stadi zake mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, kwa sababu zikikatikia kwenye hedi ya aluminiamu fundi atakulaza hapo siku mbili. Nunua gasketi mpya ya manifodi na ya tabo mapema. Na siku ya kutoboa usiende kutafuta hozi.