Maswali ya Wasomaji: Buluu ya Ziwa Iliyogeuka Zambarau

*Mhariri, shikamoo. Sisi ni vijana wanne wa Kondele, Kisumu, na filamu yetu ya dakika 70 itaonyeshwa mwezi ujao. Bango alitengeneza rafiki yetu, trela akahariri mwingine, na matangazo ya simu akafanya yeyote aliyekuwa na nafasi. Sasa jina la filamu lina herufi za sampuli tatu, na ile buluu ya ziwa wakati wa magharibi imechapishwa ikatoka zambarau. Mtu ameona trela, anapita mbele ya bango na hajui ni filamu ileile. Tuanzie wapi, na pesa zimebaki kidogo?*

Marahaba. Kwanza simamisheni uchapaji, hata kama fundi ameshawapa zamu. Marekebisho yenyewe ni kazi ya siku mbili kwenye kompyuta. Kinachokula pesa ni kuchapisha mara mbili.

Mambo huharibika hivi: mwenye trela hukata jina kutoka kwenye picha ya bango, mwenye matangazo naye hulikata kutoka kwenye trela, na kila mmoja huongeza kosa lake. Kila kitu kizaliwe na faili mama, si na mtoto mwenzake. Fungueni folda moja, mmoja wenu awe ndiye pekee anayeruhusiwa kuigusa, na ndani yake kuwe na jina la filamu, rangi, picha kuu na karatasi ya maandishi. Hayo tu.

Jina lichorwe mara moja na kuhifadhiwa kama SVG (faili ya mchoro ambayo haichakai ikikuzwa) au PDF, herufi zikiwa zimegeuzwa kuwa maumbo. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayozaa sampuli tatu: faili ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yenu, yaani sampuli yenu ya herufi, mashine huchomeka fonti yake yenyewe bila kumwuliza mtu. Umbo haliwezi kubadilishwa hivyo. Tengenezeni jina la mstari mmoja na lingine la mistari miwili, yote mawili kwa rangi nyeupe na kwa rangi nzito. Mhariri wa trela apewe PNG isiyo na mandhari nyuma, upana wa pikseli 3000, na akatazwe kuandika jina upya kwa mkono wake.

Rangi zisizidi tatu, kila moja na namba zake. "Buluu ya jioni" si rangi. Kila mtu ana jioni yake. Hapo ndipo tunafika kwenye zambarau. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa huchanganya wino wa sayani (buluu yenye ukijani), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi, na buluu yake hutokana na sayani pamoja na majenta. Majenta ikikaribia kiwango cha sayani, jicho linaona zambarau. Achieni tofauti ya asilimia 30 au zaidi: sayani 100 kwa majenta 65, kwa mfano, badala ya 100 kwa 90. Itapoa kidogo kuliko mlivyoizoea kwenye simu, kwa sababu kuna buluu za skrini ambazo wino haziwezi. Ichukueni hiyo iliyopoa muirudishe kwenye trela na matangazo, maana skrini ina uwezo wa kufuata wino.

Weusi nao una mtego wake. Wino mweusi peke yake kwenye eneo kubwa hutoka kijivu kama mkaa uliopigwa na mvua. Kwa mandhari nyeusi tumieni sayani 60, majenta 40, njano 40 na nyeusi 100. Lakini maandishi madogo yabaki nyeusi 100 pekee, kwa kuwa wino nne zikipishana hata kwa nywele, herufi ndogo hupata kivuli.

Kabla ya kulipia mabango yote, mwombeni fundi awachapie kipande cha ukubwa wa A4 kwenye mashine ileile na malighafi ileile. Karatasi ikikubali rangi, msidhani flexi, lile turubai la plastiki la mabango, nayo itakubali. Hivyo ni vitu viwili. Kitazameni kipande hicho nje, juani, kisha ndani penye taa. Faili muipeleke kwa flashi, au muitume WhatsApp kama dokumenti. Ikitumwa kama picha, WhatsApp huibana na kingo za herufi huanza kuchafuka.

*Tulipiga filamu kwa pikseli 1920 kwa 1080. Je, tunaweza kutoa fremu ndani ya video tukaifanya bango la A2? Msomaji, Kakamega.*

Kwa tangazo la simu, ndiyo. Kwa A2, hapana. A2 ni milimita 420 kwa 594, na kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 4961 kwa 7016. Fremu yako kwa kiwango hicho inatoshea upana wa sentimita 16 hivi, yaani kadi ya mwaliko. Tena fremu ya video hupigwa kwa kasi ya sekunde 1/50 au karibu na hapo, kwa hiyo mkono ukisogea kidogo unatoka na ukungu. Kwenye video ukungu huo unapendeza. Kwenye bango unaonekana kama uzembe.

Waite tena waigizaji wawili wakuu, na mavazi yaleyale, upige picha mnato kwa kamera ya megapikseli 24. Ukisimamisha kamera wima unapata pikseli 4000 kwa 6000, na A2 itapata nukta 240 hivi kwa inchi, ambazo zinatosha kabisa. Taa ije upande uleule iliotoka kwenye filamu. Kila pozi lipigwe mara mbili, wima na kwa mlalo, na juu ya kichwa paachwe nafasi ya jina. Wengi hujaza fremu kwa uso, halafu jina linaishia kuandikwa juu ya paji la uso wa mwigizaji. Mwisho, picha isahihishwe rangi na mtu yuleyule aliyesahihisha filamu, au kwa mipangilio yake.

*Bango letu ni zuri, lakini likiwekwa stetasi au YouTube maandishi hayasomeki. Dada wa Nakuru.*

Dada, usilipunguze bango. Lipange upya kwa vipande vilevile. Stetasi ni 1080 kwa 1920: juu acha pikseli 250 na chini 340 bila maandishi, kwa sababu vitufe vya programu hukaa hapo. Instagram ni 1080 kwa 1350. Kijipicha cha YouTube ni 1280 kwa 720, na kona ya chini kulia usiweke kitu, maana muda wa video hufunika hapo hapo. Kwenye kijipicha toa orodha ya majina, toa hata tarehe. Bakiza uso mmoja, jina na rangi yako. Lipunguze hadi upana wa sentimita 3 kwenye simu na umwonyeshe mtu asiyeijua filamu. Akikwama kulisoma jina, nenepesha herufi.

Jaribio jingine ni la shilingi chache: lipeleke saiba ulitoe fotokopi nyeusi na nyeupe. Uso na jina vikizama pamoja kwenye kijivu, ujue muundo wako ulibebwa na rangi tu.

*Kuna wenye tuktuk wamekubali tubandike tangazo nyuma. Tuweke nini? Kisumu.*

Jina, nusu ya uso, siku na ukumbi. Anayefuata tuktuk kwa boda ana sekunde chache, na yuko kama mita 6 nyuma. Kipimo cha kawaida cha mafundi wa mabango ni herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali, kwa hiyo jina lisiwe chini ya sentimita 5 kimo. Mkitumia stika yenye vitundu, ile ya vioo, epukeni herufi nyembamba, kwani vitundu hula mistari yake. Na kabla ya kubandika, ulizeni kibali kwa kaunti: Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziachia kaunti udhibiti wa matangazo ya nje.

*Alama ya umri tuiweke wapi? Busia.*

Kona moja, ileile kwenye kila kitu, na nafasi yake iachwe tangu mchoro wa kwanza. Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya hutumia GE (watazamaji wote), PG (kwa mwongozo wa mzazi), 16 na 18. Msijaze kona hiyo kwa nembo za wafadhili mkingoja uamuzi, maana mfadhili akishaona nembo yake hapo, kumhamisha ni kesi.