Kaptoprili na sumu ya nyoka
Umeuliza kama dawa ya presha ya mamako kweli imetokana na sumu ya nyoka, na kama ni salama kumeza. Ni kweli yakhe, si porojo. Kaptoprili, hiyo dawa ya presha mamako kaandikiwa, ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka mmoja wa Brazili anaitwa jararaca, mtu akiumwa naye presha yaweza kushuka ghafla, ndo wataalamu wakachimba ni nini kwenye sumu kinafanya hivyo, wakapata vipande vidogo vya protini vinavyozuia kimeng'enya kinachofanya mishipa ibane, kisha wakaiga ile kazi wakaunda dawa yao maabara, Marekani wakaipitisha 1981. Kwa hivyo kwenye kile kidonge hamna sumu hata chembe, mwambie ameze tu asiogope. Mi niko famasi hapa Kongowea, hilo swali nishaulizwa sana. Ziko na dawa nyingine zilizotokana na utafiti wa sumu ya nyoka, za kuzuia damu kuganda kwa wagonjwa wa moyo, eptifibataidi na tirofibani, hizo ni za mshipani hospitali. Ila yale mafuta ya nyoka ya kuuzwa barabarani msiyaingize humu jamani. Na mamako akishikwa na kikohozi kikavu kisichoisha arudi kwa daktari, kaptoprili ina mambo hayo.