Mnaoanza kazi ya mawe, anzieni nyuma ya ukuta

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hapa Mwanza wakishika tu nyundo wanataka uso wa ukuta upendeze, na nawaelewa kabisa maana uso ndio mwenye nyumba anausifia na ndio anaupiga picha, lakini miaka yote niliyopandisha kuta za mawe za kuzuia udongo kwenye hivi vilima sijaona ukuta ulioanguka kwa sababu ya sura mbaya. Karibu zote nilizoitwa kuzitazama zimeangushwa na maji yaliyojaa nyuma.

Wa kwangu wa kwanza wa kimo kikubwa ulienda hivyohivyo. Ilikuwa upande wa Nyegezi, kiwanja kimekaa mteremko, mwenye nyumba anataka bustani na ngazi ya kushukia getini. Nikajenga kimo cha mita mbili kwa mawe na mota, yani mchanganyiko wa saruji na mchanga, nikaziba kila upenyo vizuri kabisa, halafu nyuma nikarudishia udongo uleule tuliotoa kwenye msingi. Kiangazi chote ulisimama safi. Zilipoanza mvua za vuli ukatoa tumbo katikati, na asubuhi moja mama mwenye nyumba akanipigia, fundi njoo uone, nikakuta mawe yamelala juu ya migomba yake. Watoto walikuwa bado ndani, namshukuru Mungu mpaka leo. Niliurudia kwa hela yangu na nilipoufukua ndo nikaelewa, udongo wa nyuma ulikuwa tope tupu, maji hayakuwa na pa kutokea kwa sababu mimi ndiye niliyeyafungia.

Sa shikeni hili: udongo mkavu unasukuma kiasi chake, ukilowa unakuwa mzito zaidi, na yale maji yanaongeza msukumo wake yenyewe, mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima. Na msukumo hauendi sawa na kimo. Ukuta wa mita mbili hausukumwi mara mbili ya ule wa mita moja, unasukumwa mara nne, na nguvu ya kuupindua inafika mara nane. Ndo maana mimi nikizidi mita moja na sentimita ishirini namwambia mteja tumlete injinia, hata akinuna. Au tunakata mteremko mara mbili, kuta mbili fupi zenye nafasi katikati, ila hiyo nafasi isipungue mara mbili ya kimo cha ukuta wa chini, la sivyo wa juu unamlalia mwenzake.

Kwa ukuta wa mita moja hivi usio na mota, chimba mpaka ukute udongo mgumu, mimi sipungui sentimita 30, na chini upana uwe 50 mpaka 60. Uso usisimame wima kama nyumba, ulale kidogo kuelekea mlimani, sentimita 15 kwa kila mita ya kimo, piga mbao mbili zenye huo mlalo kila upande na uvute kamba katikati yake maana jicho linadanganya. Mawe makubwa yaende chini. Na hapa ndo wageni wote wanakosea: jiwe refu wanalilaza kufuata uso ili lijaze nafasi haraka, hapana, kichwa kikae nje na mkia uingie ndani kuelekea mlimani, jiwe linaonekana dogo kwa nje lakini limeshika. Kila jiwe likalie mawili, maungio yasifuatane kwenda juu, na kila mita moja hivi weka jiwe refu la kufunga linalopita mpaka nyuma. Mapengo ya ndani jaza vipande vya mawe ukivibana kwa mkono kimoja kimoja. Udongo usiingie humo, utaoshwa na maji na ukuta utashuka.

Msione ukuta usio na mota ni kazi ya kimaskini. Kule Migori Kenya kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe matupu zinazofika mita nne na ushee, zimesimama karne kadhaa na mwaka 2018 ziliingia kwenye urithi wa dunia. Zile hazizuii mlima, zimezunguka makazi, ila ufungaji wa mawe ni huuhuu ninaowaambia.

Nyuma ya ukuta sasa. Weka kokoto upana wa sentimita 30 kutoka chini mpaka karibu na juu, kati ya kokoto na udongo pitisha kitambaa cha kuchuja, na chini kabisa laza bomba lenye matundu linaloshuka kwenda nje. Kama mteja anataka mota basi acha matundu ya bomba la inchi mbili kila mita moja na nusu, yainame kuja mbele. Udongo urudishie kidogo kidogo, tabaka la sentimita 20 unashindilia ndo uongeze lingine.

Kuhusu mawe yenyewe, ya kuokota ya mviringo yaacheni, hayakai. Na yale yaliyopasuliwa kwa moto yagongeni kwanza, jiwe zima linalia kama chuma, lenye ufa wa ndani linatoa sauti ya kufa, hilo tupa kwenye vipande vya kujazia. Miwani vaeni wakati wa kupasua, kibanzi cha granaiti kikiingia jichoni si mchezo.

Ngazi inaanza chini kwenda juu, kila stepu inakalia mgongo wa ya chini yake kwa sentimita 5 au zaidi. Hesabu ninayotumia: kimo cha stepu mara mbili jumlisha kina, yani pale pa kukanyagia, ipate kati ya sentimita 60 na 64. Mteremko ukiwa na kimo cha mita moja na nusu, unapata stepu 10 za sentimita 15, kina 34, yani unahitaji urefu wa mita 3.4 chini, pima kabla hujaahidi chochote. Vimo vyote vilingane, hiyo moja iliyozidi sentimita mbili tatu ndo itamwangusha bibi wa watu usiku. Kila stepu iiname mbele nusu sentimita mpaka moja maji yasituame, na uso uachwe na makovu ya tindo, ukiulainisha unateleza mvua ikinyesha. Jiwe la mita moja kwa 40 kwa 15 lina kilo 160 hivi, msilibebe kwa ushujaa, tumieni mtalimbo na vipande vya bomba kulibiringisha, nimeona vidole vikibaki chini ya jiwe.

Ukishalipwa usipotee. Mvua kubwa ya kwanza ikipiga nenda kasimame mbele ya ule ukuta uangalie maji yanayotoka chini. Yakitoka masafi, sawa. Yakitoka ya matope siku baada ya siku, udongo unahama nyuma, kitambaa kimechanika au hukukifikisha juu, fukua mapema kabla tumbo halijatokea.