Kabla hujashuka shimoni na kikosi chako cha kwanza

Wengi wanaonunua Class of Heroes 1 & 2 Complete Edition, gemu ya video iliyotoka 2024, huvutwa na zile sare za shule. Unaandikisha wanafunzi sita chuoni, unamchagulia kila mmoja fani yake, kisha mnaondoka kwenda mapangoni. Wakifa mara tatu jioni moja, mchezaji anaweka gemu pembeni na harudi tena. Nakuomba usifanye hivyo. Chini ya sare zile kuna kanuni za Wizardry, gemu ya kompyuta ya zamani ya Apple II iliyotungwa na Andrew Greenberg na Robert Woodhead mwaka 1981, na ukizishika hizo utacheza ukoo mzima wa gemu hizi bila hofu. Wizardry yenyewe ilifanywa upya na Digital Eclipse, toleo kamili likatoka 2024, nayo imejengwa juu ya programu ileile ya zamani. Mifano yangu natoa humo.

Kikosi ni watu sita: watatu mbele, watatu nyuma. Walio nyuma hawamfikii adui kwa upanga, basi usipoteze mpiganaji huko. Mbele weka wapiganaji watatu. Nyuma kasisi, mwizi na mchawi. Angalia na tabia zao, maana wema na waovu hawakai kikosi kimoja. Mwizi hawezi kuwa mwema na kasisi hawezi kuwa wa katikati, yaani asiye mwema wala mwovu, kwa hiyo kikosi cha wema humchukua mwizi wa katikati. Hili huwakwamisha wageni wengi.

Pesa za mwanzo ni chache. Nunua deraya na ngao kwanza, panga nzuri zitafuata. Namba ya kinga huhesabiwa kwenda chini: 10 ni mtu aliye wazi kabisa, na kadiri inavyopungua ndivyo anavyokuwa mgumu kupigwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigharimu zaidi. Mchawi mpya ana nafasi mbili tu za uchawi, yaani anaroga mara mbili tu, na kila mgeni huzimalizia kwenye HALITO, mpira wa moto unaomuunguza adui mmoja. Tumia KATINO. Hiyo hulaza kundi zima, na wapiganaji wako wanawamaliza waliolala. Nafasi zote mbili zikiisha, geuka uende ngazini, hata kama wapiganaji bado wana damu (uhai) tele. Mimi nilikuwa nikitazama damu yao. Nikashuka ghorofa ya pili mchawi akiwa hana kitu, na mapambano mawili tu yalitosha kuwazika wote sita. Tangu siku ile kipimo changu cha kurudi ni uchawi uliobaki, na nimeona kinafaa katika kila gemu ya aina hii niliyoigusa.

Kurudi hakugharimu kitu ukijua njia. Kulala kwenye banda la farasi pale nyumba ya wageni ni bure. Damu hairudi, lakini nafasi za uchawi zinarudi. Shuka tena hadi mlango wa shimo, kasisi atumie DIOS zake zote, uchawi wake wa tiba, kuwatibu wenzake, panda, lala bandani, rudia mpaka wote wapone. Inachosha, kweli. Ila pesa ya kulipia chumba inabaki kuwa ya deraya.

Ramani utapewa na toleo jipya, lakini jifunze DUMAPIC mapema, uchawi wa mchawi unaokuambia ulipo. Kila ghorofa ni miraba 20 kwa 20, na kuna sehemu zinazokuzungusha bila wewe kujua.

Kikosi kizima kikifa, maiti hubaki palepale shimoni. Usifute, usianze upya. Andikisha wengine, wakuze taratibu karibu na ngazi, kisha uwatume wakawachukue wenzao. Wageni hutuma watu sita, wakifika wanakuta hawana nafasi ya kubeba hata mmoja, kwa sababu maiti nayo huhesabiwa kikosini. Tuma wanne, warudi na wawili, waende tena. Na uwe na akiba ya pesa za hekalu, ambako wafu hufufuliwa, kabla ya safari hiyo: wakishindwa kumfufua mtu anageuka majivu, na majivu nayo yakishindikana, jina lake linafutika moja kwa moja. Anza kumfufua kasisi.